Laveran: Daktari wa jeshi aliyefuata punje nyeusi ndani ya damu

Kama umewahi kuugua malaria, unaijua ile shughuli. Unadungwa kidole, tone la damu linapakwa kwenye kioo, halafu unaketi kwa benchi ukitetemeka huku mtu wa maabara akichungulia hadubini. Kile anachotafuta pale kilionekana kwa mara ya kwanza na mwanajeshi Mfaransa, na hakukiona Paris. Alikiona hapa Afrika.

Jina lake ni Charles Louis Alphonse Laveran, mzaliwa wa Paris, Juni 1845. Babake alikuwa daktari wa jeshi, na Alphonse akiwa bado mtoto mdogo familia ilihamia Algeria, wakati huo koloni la Ufaransa. Alisomea udaktari Strasbourg akamaliza 1867, akaingia jeshini, akaonja vita vya 1870 dhidi ya Prussia hadi akatekwa kule Metz. Baadaye akapewa kazi ya ualimu katika chuo cha madaktari wa jeshi cha Val-de-Grâce, nafasi ile ile babake aliwahi kuishika. Mpaka hapo, ukweli usemwe, hii ni stori ya mtoto wa mkubwa aliyefagiliwa njia.

Mambo yalibadilika 1878 alipotumwa Algeria, kwanza mji wa Bône kisha Constantine. Wodi zilijaa wanajeshi vijana waliochomeka kwa homa. Enzi hizo malaria ilidhaniwa kuletwa na hewa mbovu ya vinamasi, na ndiyo maana ya hilo jina kwa Kiitaliano. Wataalamu wengine walishikilia ni bakteria wa udongoni.

Laveran alianza na maiti. Waliouawa na malaria walikuwa na kitu cha ajabu: wengu na ini vimekuwa vyeusi, hata ubongo una punje ndogo nyeusi. Punje hizo zilikuwa zimejulikana tangu miaka ya 1840, lakini wengi walizichukulia kama uchafu tu wa ugonjwa. Yeye akataka kujua zinatoka wapi. Akaanza kuzifuata ndani ya damu ya wagonjwa walio hai, bila rangi ya kupaka kwenye kioo kama wanavyofanya siku hizi. Damu mbichi, hadubini ya kawaida, na subira.

Tarehe 6 Novemba 1880, akiwa na umri wa miaka 35, aliangalia damu ya mwanajeshi mmoja akaona kiumbe cha duara chenye punje nyeusi ndani yake, na pembeni nyuzi nyembamba zikichapachapa kama mijeledi. Uchafu hauchezi hivyo. Kitu hicho kilikuwa hai! Alipopima wagonjwa 192, alikiona kwa 148.

Sasa zile punje ni nini hasa? Hapa ndipo mimi hupenda hii stori, na niliacha chuo kabla ya kufika mbali na kemia, kwa hivyo nitaisema vile nilivyoielewa. Kimelea cha malaria huingia ndani ya seli nyekundu ya damu na kula hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Akishaimeng'enya, kunabaki kipande chenye madini ya chuma kinachoitwa hemu. Hemu ikiwa imeshikwa ndani ya hemoglobini haina noma. Ikiachwa huru ni sumu: inajipenyeza kwenye utando wa seli, inachochea kemikali kali za oksijeni zinazokwaruza mafuta na protini za utando huo, mpaka seli inalegea na kupasuka. Sumu hiyo inaweza kumuua hata kimelea mwenyewe. Kwa hivyo yeye huibana hemu iwe fuwele ngumu zisizo na madhara kwake. Fuwele hizo ndizo punje nyeusi za Laveran.

Lakini si hemu yote hubanwa, na seli ikipasuka nyingine humwagika kwenye damu. Mgonjwa wa malaria hupoteza pia seli nyingi ambazo hazikuwa na kimelea hata kimoja, na uharibifu wa aina hii ni mojawapo ya sababu. Ndiyo maana mtoto anaweza kupauka viganja kwa siku chache tu na kuhitaji kuongezwa damu.

Wakubwa wa sayansi hawakumwamini. Kule Italia walisema alichoona ni seli nyekundu zinazoharibika tu. Alienda Rome 1882, akaviona vimelea vile vile kwa wagonjwa wa huko, na bado wakabisha. Iligharimu miaka kadhaa kabla hata Louis Pasteur kukubali. Jeshi nalo lilimlipa vipi? Muda wake wa kufundisha ulipoisha 1894 alipelekwa Lille, kisha Nantes, kazi za ofisi bila maabara. Mwaka wa 1896 akaacha kazi, akaenda Taasisi ya Pasteur kufanya utafiti bila mshahara. Huko ndiko alikochimba pia vimelea vya malale.

Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobel, na nusu ya zile pesa akazitoa kujenga maabara ya magonjwa ya nchi za joto katika taasisi hiyo. Alifariki Paris Mei 1922.

Miaka 12 baadaye, 1934, ilitengenezwa klorokwini. Dawa hii humzuia kimelea kubana hemu kuwa fuwele, basi anakufa kwa sumu ya chakula chake mwenyewe. Kenya iliitumia kwa miaka mingi hadi 1998, vimelea vilipokuwa vimeizoea. Muulize mzazi wako kuhusu ule mwasho wake. Wengi hadi leo hukumbuka mwasho kuliko homa.