Dedan Kimathi: Bastola Moja Tu Ndiyo Ilimpeleka Kamiti

Msee wangu wa Njiru, ushawahi kushuka mat tao ukapita Kimathi Street, ukaona ile sanamu ya jamaa wa dredi ameshika bunduki? Wengi wetu hupiga selfie na kusonga. Leo tulia kidogo nikupee stori yake.

Dedan Kimathi alizaliwa 1920 huko Tetu, Nyeri. Alisoma, akaonja jeshi la mkoloni kidogo akatoka, akafunza shule, kisha akaingia Mau Mau. Serikali ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, maisha yakawa ni msitu wa Nyandarua.

Noma ilikuwa silaha. Mzungu ako na ndege za kuangusha mabomu, wao wako na mapanga. Ikabidi wajitengenezee. Unawajua wale mafundi wa kuchomelea mageti hapa Kangundo Road? Sasa fikiria fundi kama huyo akiwa msituni, bila stima. Bomba la maji likawa mtutu, mbao ikawa kitako, komeo la mlango na mpira wa kuvuta vikafanya kazi iliyobaki. Risasi zilikuwa za kuibwa ama kunyang'anywa. Na manze, zingine zilimlipukia mwenyewe mkononi. Ndiyo maana bunduki ya kiwanda ilikuwa mali.

Kimathi alikuwa nayo moja, bastola ya Webley Scott. Asubuhi ya 21 Oktoba 1956, akiwa amevaa ngozi ya chui, alipigwa risasi ya mguu na askari kando ya msitu, akashikwa.

Hapa ndipo utashangaa. Kortini Nyeri, Novemba hiyo, hawakumshtaki kwa kuongoza vita. Walimshtaki kwa kupatikana na hiyo bastola na risasi sita. Chini ya sheria za hali ya hatari, hiyo pekee ilitosha kumnyonga. Tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti, akiwa na miaka 36, akazikwa bila alama yoyote.

Sanamu ilikuja 2007, miaka 50 kamili baadaye. Kaburi nalo, hadi leo hatujaonyeshwa. Mjane wake, Mukami, aliomba mabaki yake miaka na miaka, akaaga 2023 bila kuyazika.

Kwa hivyo kama uko na guka ama shosh aliyeishi enzi hizo, muulize stori wikendi hii. Usingoje.