Charlotte Brontë, Mtoto wa Mchungaji

Hadithi za mapenzi tunazipenda sisi wote, hata saa ya kujisomea usiku zinapita chini ya meza. Lakini wenye kuziandika wanazitoa wapi? Tumutazame mmoja.

Charlotte Brontë alizaliwa Uingereza mwaka wa 1816, baba yake mchungaji. Mama alikufa 1821. Mwaka wa 1825 dada zake wawili wakubwa walitoka shule ya bweni na kifua kikuu, wakafa.

Mwaka wa 1842 alienda Bruxelles kujifunza Kifaransa. Mwalimu wake, Bwana Constantin Heger, alikuwa mkali lakini mwenye akili nyingi. Charlotte akamupenda. Na bwana alikuwa na mke, tena mke ndiye mkubwa wa shule! Mwaka wa 1844 Charlotte akarudi kwao, akamuandikia barua kwa barua. Majibu yakapunguka, yakakatika. Zimebaki barua nne tu. Zingine zilichanwa, halafu vipande vikashonwa kwa uzi.

Mwaka wa 1847 akatoa Jane Eyre, kwa jina la kujificha, Currer Bell. Humo mwalimu yatima anapendana na tajiri. Siku ya harusi, kumbe bwana ana mke, amefungiwa ghorofani. Msichana anamupenda bado, lakini anaondoka, karibu bila feza. Wakristo wengine wakalaumu kitabu; sisi tunaona walikisoma mbiombio.

Mwaka wa 1854 Charlotte aliolewa na Arthur Bell Nicholls, musaidizi wa baba yake. Akafa tarehe 31 Machi 1855, ndoa ikiwa na miezi tisa.