Majilio ya Mwenye Heri Anuarite

Siku za Majilio zinapoingia, ukungu hufunika vilima vyetu vya Mushaki tangu alfajiri, na waendao Misa ya asubuhi huja wamejitanda nguo nzito. Kazi ni nyingi. Akina mama hufagia kanisa na kufua vitambaa vya altare, vijana hutafuta mianzi na nyasi za kujengea pango la Noeli, waimbaji hurudia nyimbo zao mpaka giza liingie, nasi makatekista huwapima wakatekumeni katika sala na amri. Lakini kazi iliyo ngumu kuliko zote haifanywi kwa mikono. Ni ile ya kungoja zamu yako ya kuungama, huku ukijiuliza kama kweli umemsamehe aliyekutenda vibaya. Katika nchi ya Masisi, ambako vita vimepita mara nyingi, na ambako mwaka 2023 watu wa Mushaki wenyewe walikimbia na mizigo vichwani, swali hilo si la kitoto. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama Mungu anataka tumsamehe hata mtu aliyechoma nyumba yetu, naye hajaomba radhi. Sikumjibu mara moja. Nilimsimulia habari za Sista Anuarite, ambaye sikukuu yake, tarehe 1 Desemba, huangukia mlangoni mwa Majilio.

Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, kaskazini-mashariki ya Kongo, katika kabila la Wabudu. Wazazi wake walikuwa hawajawa wakristu. Walimpa jina la Nengapeta, ambalo kwa lugha yao lina maana kwamba mali hudanganya. Jina la Anuarite, tunalomwitia leo, halikuwa lake kwanza, bali la dada yake. Dada huyo ndiye aliyempeleka shuleni kuandikwa, na mtawa aliyeshika daftari akakosea, akaandika jina la dada badala ya jina la mdogo. Wanasema kwamba maana yake ni mtu anayeicheka vita. Walimu wenzangu wanaojaza madaftari ya shule watacheka, maana nasi hukosea vivyo hivyo. Lakini kosa lile la kalamu limebaki katika litania za Kanisa.

Mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama yake, akaitwa Alfonsina. Nyumbani kwao palikuwa na machozi. Baba yake alikuwa askari, naye alitamani sana mtoto wa kiume. Mungu alipowajalia mabinti tu, akamwacha mkewe, akaoa mwingine. Ni habari tunayoijua hata sisi. Ni nyumba ngapi zimevunjika kwa sababu hiyo hiyo! Binti aliumia, lakini baadaye alimsamehe baba yake. Ndiyo maana nasema kwamba msamaha ule wa mwisho, ambao nitausimulia, haukuota usiku mmoja kama uyoga. Alikuwa ameanza kujifunza nyumbani.

Alipokuwa bado msichana mdogo alitaka kuwa mtawa. Mama yake hakukubali, kwa kuwa aliona umri wake haujatosha. Basi siku moja lori la misioni lilipokuwa likiwachukua wasichana kwenda Bafwabaka, kwenye nyumba ya Masista wa Jamaa Takatifu, naye alipanda kwa siri akaenda nao. Simpi sifa kwa kumtoroka mama. Lakini mama mwenyewe mwishowe alimwachia Mungu mtoto wake. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake za kwanza, akapewa jina la Sista Maria Klementina. Kazi zake zilikuwa za kila siku: alifundisha watoto, alipika, alitunza sakristia. Mtu asidhani alikuwa mpole kama maji mtungini. Alikuwa mwepesi wa kuguswa moyo, tena mkali alipoona jambo lisilo sawa, naye ilimpasa kujishinda kila siku.

Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliinuka katika mashariki ya Kongo, na mwezi wa Agosti wakauteka mji wa Stanleyville, ambao sasa ni Kisangani. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli mjini humo kuwaokoa wageni, na siku mbili baadaye wakashuka Paulis, yaani Isiro ya leo. Waliwachukua wageni waliowapata, kisha wakaondoka. Simba walirudi na hasira nyingi. Tarehe 26 hiyo hiyo Askofu Wittebols wa Wamba aliuawa. Masista wa Bafwabaka, mabinti wa nchi hii, walikuwa wamebaki mahali pao.

Jumapili tarehe 29 Novemba 1964 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Siku hiyo Simba walifika Bafwabaka kwa lori, wakawaamuru masista wapande, wote zaidi ya thelathini. Waliwaambia kwamba wanapelekwa Wamba, mahali pa usalama. Sista Anuarite alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria mfukoni mwa kanzu yake. Njiani masista waliona kwamba lori haliendi Wamba. Usiku ule walilala Ibambi. Kesho yake, huko Vube, waasi waliwanyang'anya misalaba, medali na rozari zao. Jioni walifika Isiro, katika nyumba ya mkubwa mmoja wa waasi.

Hapo kanali mmoja, jina lake Ngalo, alimtaka Anuarite awe mke wake. Mama mkuu wa masista alikataa kumtoa. Anuarite naye alikataa. Chakula kilipoletwa hakuweza kula. Aliwaomba wenzake wamwombee. Usiku ulipokuwa mkubwa, Kanali Olombe aliagizwa amlazimishe. Alimkamata pamoja na sista mwingine, akataka kuwatia katika motokari. Anuarite alipigana kwa nguvu zake zote, akamwambia kwamba ni afadhali afe kuliko kutenda dhambi ile. Olombe aliwapiga wote wawili. Sista yule mwenzake alivunjika mkono. Anuarite, katikati ya mapigo, alimwambia Olombe kwamba anamsamehe kwa sababu hajui anachotenda. Olombe akazidi kukasirika. Aliwaita askari wamchome kwa visu vya bunduki, kisha mwenyewe akampiga risasi kifuani. Alikata roho yapata saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964. Zilikuwa zimebaki siku 28 atimize miaka 25.

Ndugu wasomaji, naomba tukae hapa kidogo, kwa maana wengi wetu tunakosea. Nimewasikia wakristu, hata wazee wa kanisa, wakisema kwamba kusamehe ni kunyamaza, ni kumwacha mwovu afanye apendavyo. Mtazameni Anuarite. Alikataa mpaka mwisho, alijitetea, alimwambia mtu yule wazi kwamba tendo lake ni dhambi. Wala hakungoja aombwe radhi. Katika dakika ile ile alikataa uovu na kumsamehe mwovu. Mwanafunzi wangu aliposikia hayo aliuliza kama baba yake anaweza kumsamehe aliyechoma nyumba na bado kumshtaki barazani. Nilimjibu kwamba anaweza. Hakusema neno, akaendelea kukata mianzi ya pango.

Mwili wa Anuarite ulizikwa pamoja na wengine katika shimo moja. Ulipofukuliwa mwaka 1965, walimtambua kwa ile sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyokuwa bado mfukoni mwake. Waasi walichukua rozari na misalaba, lakini hiyo hawakuiona. Mwaka 1978 mabaki yake yalihamishiwa katika kanisa kuu la Isiro. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri mjini Kinshasa, mbele ya umati mkubwa wa watu. Katika mahubiri yake Baba Mtakatifu alimkumbuka pia aliyemwua, na kwa jina la Kanisa lote akamsamehe, kama Anuarite mwenyewe alivyofanya miaka 21 iliyotangulia.