Jamaa aliyeweka bati mbele ya mawimbi

Hebu pindua ruta yako, hiyo unayoitukana kila jioni. Kwenye karatasi iliyobandikwa chini, au ukiingia kwenye mipangilio, utakutana na 2.4GHz. Hiyo Hz ni jina la mtu: Heinrich Hertz, Mjerumani aliyekufa Januari 1, 1894, akiwa na miaka 36 tu. Na kama unakaa Kulamawe hapa Isiolo, ploti ambayo nyumba kubwa ni ya mawe na chumba chako nyuma ni mabati matupu, basi shida yako huyu jamaa aliichunguza mwaka wa 1888.

Alizaliwa Hamburg mwaka wa 1857, babake wakili, kwao pesa ipo. Alikuwa kijana wa mikono, anachonga mbao na kutengeneza vyombo vyake mwenyewe. Tena alisoma Kiarabu, na akakishika sana hadi mwalimu wake akatamani abobee huko. Wewe uliyepita madrasa unajua hiyo si kazi ya mchezo. Lakini akaingia uhandisi, kisha mwaka wa 1877 akiwa Munich akaona hapana, moyo wake uko kwenye fizikia. Akawaandikia wazazi barua kuomba ruhusa, wakakubali. (Mimi nilipoacha chuo sikuwa na barua nzuri hivyo.) Kufikia 1880 alikuwa na shahada ya uzamifu kutoka Berlin, na mwaka wa 1885 akawa profesa mjini Karlsruhe.

Wakati huo James Clerk Maxwell, Mskoti, alikuwa ashapiga hesabu kwamba umeme unaweza kusafiri hewani kama mawimbi, kwa kasi ya mwanga. Maxwell akafa mwaka wa 1879 bila mtu kumwonyesha hata wimbi moja.

Hertz akaunda mtambo wa kurusha cheche upande mmoja wa chumba, na upande wa pili akaweka pete ya waya yenye mwanya mdogo sana. Bila waya wowote katikati, cheche ikiruka kule, na huku inaruka kacheche kadogo. Kadogo kiasi cha kutazamwa gizani.

Sasa sikia. Alipoifunika pete kwa sanduku ili aone vizuri, cheche ikafifia. Mimi na wewe tungesema ni mtandao tu, zima washa. Yeye akatoa pande za sanduku moja baada ya nyingine, hadi akajua ni upande upi una makosa: ule unaotenganisha cheche kubwa na ndogo. Akajaribu kioo, kikazuia. Akajaribu jiwe la kwazi, likapitisha. Kumbe mwanga usioonekana kutoka cheche kubwa ulikuwa unaisaidia ile ndogo. Jambo hilo lilikuja kuelezwa na Einstein mwaka wa 1905, naye akapewa Nobel kwa ajili yake. Yote sababu ya mtu aliyekataa kubadilisha vitu vitano kwa mpigo. Wewe ukihamisha ruta, ukabadilisha nywila na kuizima, vyote dakika moja, mtandao ukirudi utajuaje kilichoponya?

Halafu akaja kwenye bati. Ndani ya ukumbi wa mihadhara alitoa taa za gesi zilizoning'inia, akasimamisha ukutani bati la zinki la mita 4 kwa 2. Mawimbi yakaligonga yakarudi nyuma, yakakutana na yanayokuja. Sehemu fulani za ukumbi cheche ikawa kali, hatua chache mbele ikafa kabisa, ukiendelea inafufuka. Mawimbi yake yalikuwa marefu, mita kadhaa. Ya waifai ya 2.4GHz yana sentimita 12 hivi, ndiyo maana simu inashika ukiwa kwenye kona ya kitanda na kupoteza ukigeuka ukutani. Mabati yetu nayo ni chuma kilichopakwa zinki. Ruta ikiwa nyumba kubwa na wewe uko kwenye mabati, kilichobaki kinapitia dirishani na kwenye nyufa. Ondoa ruta nyuma ya runinga, ipandishe juu, ielekee dirisha lako, kabla hujaongeza bando.

Mlango wa mbao je? Hertz alifunga mmoja na cheche ikaonekana chumba cha pili. Msaidizi wake akipita katikati, inazimika. Mwili ni kizuizi, kwa hivyo ndugu zako wakijazana mbele ya ruta, usishangae.

Mwaka wa 1889 alihamia Bonn. Mhandisi mmoja akamwandikia akiuliza kama mawimbi haya yanaweza kubeba simu. Hertz akajibu hapana, kwamba ingehitaji vioo vya ukubwa wa bara zima. Alikosea, na hakuishi kujua. Ugonjwa ulimwanza kichwani mwaka wa 1892, akafanyiwa upasuaji tena na tena. Akaacha mjane, Elisabeth, na mabinti wawili wadogo. Miaka ya 1930, Wanazi wakitawala, watatu hao walihamia Uingereza kwa kuwa upande wa Hertz ulikuwa na asili ya Kiyahudi.

Alipokufa, Guglielmo Marconi alikuwa kijana wa miaka 19 kule Italia. Akasoma kuhusu kazi ya marehemu, akapanda kwenye dari ya nyumba ya wazazi wake na waya zake, akaanza kujaribu kutuma ishara ndani ya nyumba.