Sharif al-Idrisi: Mchora Ramani Aliyehakikisha Kwanza



Siku hizi kutengeneza ramani yenye sura ya kale ni kazi ya jioni moja. Ukiwa na kompyuta na programu ya bure kama QGIS, unaizungusha ramani nyuzi 180 ili kusini ikae juu. Bahari unaipaka buluu yenye mawimbi meupe, mito kijani, milima rangi ya udongo, na miji unaiwekea viduara vya dhahabu. Mwisho unatandika nyuma yake picha ya karatasi iliyochakaa, na atakayeiona atadhani imetoka kwenye sanduku la babu.

Mtindo huo una mwenyewe. Ni wa Abu Abdillah Muhammad al-Idrisi, mwanachuoni wa karne ya 12. Tuyatazame maisha yake, kwani rangi zake tunaziiga kwa urahisi, lakini kazi yake ni jambo lingine.

Asili yake

Al-Idrisi alizaliwa yapata mwaka 1100. Wengi wanasema alizaliwa Sabta, yaani Ceuta, mji wa pwani ya Afrika Kaskazini unaotazamana na Andalusi. Alikuwa sharifu wa kizazi cha Hasan bin Ali, mjukuu wa Mtume (s.a.w.), kupitia ukoo wa Hammud uliowahi kutawala Malaga. Utawala huo ulikuwa umekwisha, na kijana alibaki na jina na hamu ya elimu. Inaelezwa kwamba alisoma Cordoba, na kwamba tangu ujana alisafiri Maghrib, Andalusi na hadi Asia Ndogo.

Katika ikulu ya Palermo

Yapata mwaka 1138 alifika Palermo, katika kisiwa cha Sisili. Waislamu walikuwa wamekitawala kisiwa hicho kwa miaka mingi kabla ya Wanormani kukiteka. Mfalme wa wakati huo, Roger II, alikuwa Mkristo, lakini ofisi zake ziliandika kwa Kiarabu, Kigiriki na Kilatini. Alitaka kuijua dunia jinsi ilivyo, na kazi hiyo akamkabidhi al-Idrisi.

Uamuzi wa kuipokea haukuwa mwepesi kwa jina lake. Waandishi wa Kiislamu waliokusanya habari za wanavyuoni walimtaja kwa uchache sana, na baadhi ya wanahistoria wanaona sababu ni kule kumtumikia mfalme asiye Mwislamu. Sisi tunaosoma na kutafuta kazi katika taasisi zisizo zetu tunalifahamu swali hilo. Jibu lake tunaliona katika namna alivyofanya kazi.

Walianza na vitabu vya waliotangulia, kina Ptolemy na wanajiografia Waislamu, wakakuta vinapingana. Hapo wakawaita wasafiri. Kila msafiri aliulizwa, kisha habari zake zikalinganishwa na za mwingine. Walizoafikiana ziliandikwa, na walizohitilafiana ziliachwa. Umbali ulipimwa kwa bikari ya chuma juu ya ubao maalumu. Kazi hiyo ilichukua miaka ipatayo 15. Aliyesoma Surat al-Hujurat, aya ya 6, inayotuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, hawezi kuistaajabia njia hiyo.

Kisha ramani ilichongwa juu ya sahani kubwa ya fedha. Pamoja nayo al-Idrisi aliandika kitabu, Nuzhat al-Mushtaq, kilichokamilika Januari 1154. Aliigawa dunia katika iklimu saba, na kila iklimu katika sehemu kumi, kila sehemu na ramani yake. Jumla ni ramani 70. Roger alifariki mwezi uliofuata.

Alipokosea kuhusu kwetu

Katika kitabu hicho Malindi na Mombasa zimetajwa, na pia Sofala, ambayo chuma chake kilinunuliwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Lakini al-Idrisi hakufika huku. Pwani yetu aliichora ikielekea mashariki, mbali upande wa China. Mto Nile aliutoa katika Milima ya Mwezi na kuupitisha katika maziwa, kama alivyoandika Ptolemy, kisha akatoa mto wa pili unaokwenda magharibi hadi Bahari ya Atlantiki.

Sisi tunaoishi kando ya maziwa hayo tunaweza kucheka. Hata hivyo tuangalie makosa yameangukia wapi. Njia yake ilitegemea mashahidi, na pale mashahidi walipokuwa wachache, yalibaki ya vitabu vya zamani. Nchi ambayo watu wake hawakuulizwa ndiyo iliyopotoshwa.

Baada yake

Mwaka 1161 waasi waliivamia ikulu ya Palermo, na inasadikiwa kwamba sahani ya fedha ilipotea katika vurugu hizo. Al-Idrisi mwenyewe alifariki yapata mwaka 1165. Muhtasari wa kitabu chake ulipigwa chapa Roma mwaka 1592 bila jina lake. Mwaka 1619 ulitoka Paris kwa Kilatini, na wafasiri wakamdhania mwandishi ni Mnubi. Mwaka 1928 Mjerumani Konrad Miller aliziunganisha ramani zile 70 kuwa moja, na mwaka 2019 wataalamu wa Factum Foundation na Maktaba ya Bodleian ya Oxford waliiunda upya sahani kwa msaada wa kompyuta.

Funzo kwetu

Kwa hiyo ndugu yangu, ukikaa kuchora ramani ya mtaa wako au ya misikiti ya wilaya yako kwa mtindo wa al-Idrisi, anza alipoanza yeye. Nenda ukaulize. Mzee wa kwanza akikutajia jina la kijito, muulize na wa pili. Pembeni mwa ramani andika umepata wapi habari zako na lini, na usipopajua mahali, paache patupu. Karatasi ya bandia iliyochakaa haiongezi ukweli hata nukta moja. Na kama sisi wa huku hatutaichora nchi yetu kwa kuihakikisha, ataichora mwingine kwa kusikia.

Allah amrehemu al-Idrisi, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.