Franz Reichelt: Fundi wa nguo aliyelipia mkato kwa uhai wake

FUNDI wa nguo katika soko la Kibuye mjini Kisumu akikosea mkato, hasara yake ni kitambaa na lawama za mteja. Franz Reichelt, fundi wa nguo mjini Paris, Ufaransa, alipokosea mkato mnamo 1912, hasara ilikuwa uhai wake. Tangu siku hiyo jina lake hutajwa kila panapozungumzwa mavazi ya kurukia kutoka angani, na aghalabu hutajwa kwa kicheko. Lakini fundi huyo hakuwa mwendawazimu.

Reichelt alizaliwa mwaka wa 1878 huko Bohemia, eneo lililokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria, na ambalo leo limo katika Jamhuri ya Czech. Mwaka wa 1898 alihamia Paris, akafungua duka la kushona nguo za wanawake katika mtaa wa Gaillon. Biashara ilinawiri na baadaye akapata uraia wa Ufaransa.

Enzi hizo ndege zilikuwa changa, na ajali ziliwaua marubani mara kwa mara. Miavuli ya kushukia ilikuwapo, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliopaa kwa baluni. Haikumfaa rubani aliyebanwa kitini. Kuanzia 1910 Reichelt akawaza vazi ambalo rubani angelivaa kama koti la kawaida, na ambalo lingegeuka mwavuli pindi anapoanguka.

Hapo ndipo kitambaa kilipoanza kumsumbua. Hariri ni nyepesi na hufunguka upesi, na sanamu alizozivisha mabawa ya hariri na kuzidondosha kutoka ghorofani zilitua salama. Lakini vazi la rubani lilipaswa pia kuvalika, kukunjika na kustahimili kazi. Kila alipoyageuza mabawa hayo kuwa nguo, uzito uliongezeka na sanamu zikaanguka kama mawe.

Mvuvi wa ufuo wa Dunga anaielewa shida hiyo bila kufundishwa darasani. Tanga halisukumi mashua kwa ukubwa wake tu. Sharti litanuke, lishike upepo, lisivuje wala kuchanika. Tanga lililojisokota kwenye mlingoti, hata likiwa na upana wa kutosha mashua mbili, halisogezi kitu.

Mnamo 1911 ilitangazwa zawadi ya faranga 10,000 kwa atakayebuni mwavuli wa marubani usiozidi kilo 25. Reichelt akazidisha bidii. Alipunguza uzito na kuongeza upana, hata magazeti yakaripoti kwamba vazi lake la mwisho lilikuwa na kitambaa cha takriban mita 30 za mraba. Wataalamu wa usafiri wa anga aliowaonyesha kazi yake walimkataza kuendelea. Yeye mwenyewe aliruka kutoka kimo kifupi bila kufanikiwa, na mara moja aliokolewa na rundo la majani makavu. Hata hivyo, hakulilaumu vazi. Alilaumu kimo, akiamini kwamba hewa haikupata muda wa kulijaza.

Ndipo akaomba ruhusa ya kutumia Mnara wa Eiffel. Polisi walimruhusu wakidhani atadondosha sanamu. Asubuhi ya Jumapili, Februari 4, 1912, kukiwa na baridi kali na upepo, alifika akiwa amelivaa vazi hilo na kutangaza kwamba ataruka mwenyewe. Marafiki walimsihi atumie sanamu kwanza, naye akakataa. Sikio la kufa halisikii dawa. Mbele ya waandishi wa habari na kamera za filamu, alipanda juu ya ukingo wa orofa ya kwanza, mita 57 kutoka ardhini, akasita kwa muda, kisha akajirusha. Kitambaa kilimzingira mwilini badala ya kutanuka. Alifariki papo hapo akiwa na umri wa miaka 33.

Kosa lake lilikuwa wapi? Si upana wa kitambaa pekee. Mikunjo yote ilifungamana na mwili, na hapakuwa na kitu cha kuivuta nje ili hewa iingie. Kutoka kimo kile, mtu huanguka kwa muda wa sekunde tatu na ushei tu. Reichelt alikata kwa kuufuata mwili, kama alivyozoea dukani, ilhali mteja wa vazi lile alikuwa upepo.

Jibu lilipatikana kwa kutenganisha nguo na mwavuli. Mwaka wa 1919, Leslie Irvin aliruka kutoka ndegeni huko Marekani, akavuta kamba, na mwavuli wa hariri ukachomoka kutoka kwenye mkoba mgongoni. Kufikia 1931, ndege za Imperial Airways zilipoanza kutua ziwani Kisumu, mwavuli wa mkoba ulikuwa umeshakubaliwa na majeshi ya anga. Baadaye nailoni ikachukua nafasi ya hariri.

Siku hizi wapo warukaji wanaojishonea mavazi yao, na kanuni zao zingemsaidia Reichelt. Kitambaa cha pamba kilicholegea hupunguza kasi ya kuanguka; nailoni laini inayobana huiongeza. Nguo isipwaye mahali pa kushikia kamba ya mwavuli. Hata vazi lenye mabawa, lililoboreshwa miaka ya 1990 na Mfaransa Patrick de Gayardon, huvaliwa pamoja na mwavuli mgongoni. De Gayardon naye alifariki akiruka, mwaka wa 1998.

Reichelt aliona mapema kwamba rubani anahitaji kubeba wokovu wake mwilini, na katika hilo historia imempa haki. Alichokosa ni subira ya kuziamini sanamu zake. Zilimwambia ukweli kila zilipoanguka, tena bila kumgharimu zaidi ya kitambaa.