Abate Gregor Mendel: mtawa aliyehesabu njegere na kuyatazama madoa ya Jua

Mwaka 2025 habari mbili za sayansi zilitufikia karibu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilitoka kwa watafiti wa Uingereza na China, waliotangaza kwamba wamepata vinasaba vitatu vya mwisho vilivyokuwa vikitafutwa katika mmea wa njegere. Ya pili ilitoka kwa wanaastronomia wa Ulaya, walioonyesha picha za ncha ya kusini ya Jua, sehemu ambayo jicho la mwanadamu halikuwahi kuiona vizuri kutoka duniani.

Msomaji anaweza kudhani kwamba habari hizi hazina uhusiano wowote. Lakini karibu miaka 150 iliyopita maswali haya mawili yalikaa juu ya meza moja, katika chumba cha padre mmoja wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Padre huyo ni Gregor Mendel. Wengi wetu tulikutana na jina lake katika kitabu cha baiolojia cha sekondari, tukakariri uwiano wa tatu kwa moja, tukafanya mtihani, tukasahau. Leo tungependa kumtazama tena, safari hii kama ndugu yetu katika wito.

Mtoto wa mkulima

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kinaitwa Hynčice na kimo katika Jamhuri ya Czech. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya Dola ya Austria. Alibatizwa kwa jina la Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo aliyelazimika pia kufanya kazi ya shokoa katika mashamba na misitu ya bwana wa ardhi. Akiwa katika kazi hiyo mwaka 1838 aliangukiwa na gogo la mti, na hakupata tena nguvu zake za awali.

Johann alikuwa mtoto pekee wa kiume kati ya dada wawili. Kwa desturi ya mahali pale, shamba lilikuwa linamsubiri yeye. Lakini yeye alitaka shule, na shule ilidai fedha ambazo nyumbani hazikuwepo. Alisoma huku akiwafundisha wanafunzi wengine ili apate chakula. Zipo siku alizolala na njaa, na zaidi ya mara moja aliugua akarudi nyumbani. Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Theresia, aliyetoa sehemu ya mali aliyotengewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka yake aendelee na masomo. Mendel hakuusahau wema huo. Miaka mingi baadaye aliwasomesha watoto wa kiume wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mwaka 1843, kwa pendekezo la mwalimu wake wa fizikia, alipokelewa katika abasia ya Mtakatifu Thomas mjini Brno, akapewa jina la kitawa la Gregor. Tuseme ukweli: umaskini ulichangia kumfikisha mlangoni pa utawa. Mungu huwaita watu kwa njia nyingi, na njia ya mahitaji ni mojawapo. Kinachopima wito ni jinsi mtu anavyoishi baada ya kuingia, na Mendel alibaki mwaminifu kwa nadhiri zake kwa miaka 40.

Padre aliyeshindwa mtihani

Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1847. Kazi yake ya kwanza ya kichungaji ilihusisha kuwatembelea wagonjwa hospitalini, nayo ilimwelemea. Kuona maumivu yao kulimtesa kiasi kwamba yeye mwenyewe aliugua. Mkuu wake, Abate Cyril Napp, angeweza kumlazimisha. Badala yake alimtazama kijana huyu kwa makini, akatambua kipaji chake, akamtuma kufundisha shule katika mji wa Znojmo.

Mwaka 1850 Mendel alifanya mtihani wa serikali wa kumthibitisha kuwa mwalimu. Alishindwa. Abate Napp hakumkatia tamaa, akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia 1851 hadi 1853. Huko alifundishwa fizikia na Christian Doppler na elimu ya mimea na Franz Unger, akajifunza kufanya majaribio na kutumia hesabu katika kuchunguza viumbe. Aliporudi alijaribu mtihani tena mwaka 1856. Akaugua, akauacha bila kuumaliza. Hakuwahi kupata cheti. Mtu ambaye leo anatajwa katika kila shule duniani alifundisha kwa miaka mingi akiwa mwalimu wa muda tu.

Frateri anayesoma makala hii huku akisubiri matokeo, au aliyerudishwa nyuma mwaka mmoja, na aupime uchungu wake kwa kipimo hicho. Nasi wenye madaraka juu ya wengine tujiulize kama tungekuwa na subira ya Abate Napp.

Miaka minane bustanini

Katika mwaka huohuo aliouacha mtihani, Mendel alianza majaribio yake makubwa katika bustani ya abasia. Alichagua njegere kwa sababu hukua haraka, na kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe. Mtafiti akitaka kuchanganya mimea miwili, anaweza kuzuia chavua nyingine isiingie. Alifuatilia tabia saba: umbo la mbegu, rangi ya mbegu, rangi ya ua, umbo la ganda, rangi ya ganda, mahali ua linapoota kwenye shina, na urefu wa mmea.

Watu wengi kabla yake walikuwa wamechanganya mimea. Mendel aliwazidi kwa kuhesabu. Alipochanganya njegere za mviringo na zile zilizokunjamana, kizazi cha kwanza kilitoa mbegu za mviringo peke yake. Alipoacha kizazi hicho kijichavushe, zile zilizokunjamana zikarudi. Alizihesabu mbegu 7,324: za mviringo 5,474 na zilizokunjamana 1,850, yaani karibu tatu kwa moja. Tabia zile nyingine sita zilifuata mkondo huohuo. Alielewa kwamba kila mmea hubeba vijenzi viwili vya urithi kwa kila tabia, kimoja kutoka kila upande, na kwamba kimoja kinaweza kujificha bila kupotea. Neno jeni lilikuwa bado halijatungwa.

Februari na Machi 1865 alieleza matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi cha Brno, na mwaka 1866 yakachapishwa. Hayakuleta kishindo chochote. Mtaalamu mashuhuri wa mimea, Carl Nägeli wa Munich, alimwandikia kwa tahadhari na kumhimiza ashughulikie mmea mwingine aliokuwa akiuchunguza yeye. Kumbe mmea ule, kama ilivyojulikana baadaye, mara nyingi hutoa mbegu bila kuchavushwa. Mendel alihangaika nao kwa miaka, akaona kanuni yake haijitokezi.

Kanuni ilikuwa sahihi. Ila hatuna haja ya kumpamba. Mwaka 1936 mwanatakwimu Ronald Fisher alionyesha kwamba baadhi ya hesabu za Mendel zinakaribia mno uwiano uliotarajiwa, na mjadala juu ya jambo hilo uliendelea kwa miaka mingi. Hata hivyo, kila aliyerudia majaribio yale alikuta kanuni imesimama.

Abate, kodi na anga

Mwaka 1868 ndugu zake walimchagua kuwa Abate. Uongozi ulimnyang'anya bustani. Serikali ilipotunga sheria ya mwaka 1874 ya kuzitoza nyumba za kitawa kodi mpya, Mendel aliiona kuwa si ya haki, akakataa kulipa hadi kufa kwake. Marafiki walimwacha mmoja baada ya mwingine. Inawezekana alikuwa na haki. Inawezekana pia kwamba ushupavu ule uliompa subira ya kuhesabu maelfu ya njegere ulimfanya asijue wakati wa kulegeza.

Katika upweke huo alibaki na anga. Kwa miaka mingi alipima joto, mvua na mgandamizo wa hewa, na aliendelea hadi siku chache kabla ya kifo chake. Maandishi yake yaliyochapishwa kuhusu hali ya hewa ni mengi kuliko yale ya urithi. Kimbunga kilipovunja madirisha ya abasia mnamo Oktoba 1870, alikichunguza na kukiandikia makala. Na katika miaka yake ya mwisho alielekeza darubini kwenye Jua, akiyafuatilia madoa yake meusi na kuyaandika.

Alifariki tarehe 6 Januari 1884, Sherehe ya Tokeo la Bwana, kwa ugonjwa wa figo. Watu wa Brno walimlilia Abate mkarimu kwa maskini. Karibu hakuna aliyejua kwamba wanamzika mwanasayansi mkubwa. Sehemu kubwa ya karatasi zake ilichomwa moto.

Mavuno yaliyochelewa

Mwaka 1900, miaka 16 baada ya kifo chake, watafiti katika nchi mbalimbali za Ulaya walifikia matokeo yaleyale na kukuta padre amewatangulia. Kisha sayansi ikashuka hadi ndani ya chembe hai. Mwaka 1990 ilijulikana kwa nini njegere hukunjamana: kipande cha DNA kimejipenyeza ndani ya jeni inayotengeneza kimeng'enya cha wanga; wanga ukipungua, sukari huongezeka, mbegu hunyonya maji mengi, na ikikauka hujikunja. Jeni ya urefu ilipatikana mwaka 1997, ya rangi ya mbegu mwaka 2007, ya rangi ya ua mwaka 2010. Zilibaki tatu, na ndizo zilizotangazwa mwaka 2025 baada ya kusoma vinasaba vya aina karibu 700 za njegere.

Hata mwili wake umesomwa. Mwaka 2021, kwa ridhaa ya Waaugustino, mabaki yake yalifukuliwa na kupimwa vinasaba, na ndani yake zikaonekana dalili za kurithi maradhi ya moyo na figo.

Na Jua? Mwaka 1908 George Ellery Hale alionyesha kwamba madoa yale ni mahali penye nguvu kubwa ya sumaku. Desemba 2024 chombo cha Marekani, Parker Solar Probe, kilifika kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye uso wa Jua. Picha za ncha ya kusini, zilizopigwa na Solar Orbiter cha Ulaya, zinasaidia kueleza kwa nini madoa huongezeka na kupungua katika mzunguko wa miaka kama 11. Dhoruba za Jua zinaweza kuvuruga setilaiti na umeme tunaoutegemea.

Somo kwetu

Kanuni ya Mendel imo parokiani kwetu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa na selimundu. Mzazi mwenye kijenzi kimoja cha ugonjwa huo huwa haumwi. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Ni hesabu ileile ya njegere. Mchungaji asiyeijua ataziacha familia zitafute mchawi, au zimlaumu mama peke yake, wakati kijenzi kimetoka pande zote mbili. Mchungaji anayeijua atawashauri wachumba wapime mapema, na atawafundisha wazazi kwamba mtoto wao si laana. Kwa hiyo saa tunazotumia darasani na vitabu vya sayansi haziuibii utume wetu chochote.

Mendel aliadhimisha Misa, akafundisha, akahesabu, akapima mvua, akafa bila kuona mavuno. Aliyeikuza mbegu ni Mungu, kwa wakati wake. Mwenyezi Mungu atujalie nasi kuifanya kwa uaminifu kazi ndogo ya leo, hata kama atakayeielewa hajazaliwa bado.